Chupa ya Mate Mliyoniomba

Kanamkemer, Lodwar
Jumapili, mchana

Mama yangu mpenzi,

Kwanza goti lako. Uliniambia kwamba siku hizi ukipanda kutoka mtoni unapumzika mara mbili, nami nikakaa nikifikiria ni wapi unaketi. Nadhani ni kwenye jiwe la mpaka, kisha kwenye kisiki cha mkaratusi. Kama ni hivyo, mwache mama Nelima akubebee maji wala usione haya, yeye si mgeni hapo. Baba naye kikohozi kimempungua? Ng'ombe yule mweusi amezaa? Na mvua imeshika, au bado inaonja tu na kwenda zake? Huku habari za mvua huwa siulizi. Ukimwuliza mtu wa hapa kuhusu mvua anakutazama kama umemtajia marehemu wake.

Mimi sina ugonjwa, Mama. Nimekonda kidogo na uso umekuwa mweusi, lakini nakula. Nakula ugali na samaki wakavu wa kutoka ziwani, wale wanaoletwa kwa magunia kutoka Kalokol, na nimezoea harufu yao. Chumba changu ni cha bati. Saa saba mchana sikai ndani. Nakaa nje kwenye kivuli cha ukuta wa duka la jirani, na hapo ndipo ninapokuandikia, daftari likiwa magotini.

Nimeandika barua kwa sababu simu yako hulia uani, huipokea yeyote aliye karibu, nawe hupenda kuiweka sauti kubwa. Haya si maneno ya uani. Mwalimu wa shule iliyo karibu nami anakuja Bungoma kwa likizo, nimemwomba akupe mkononi. Isome peke yako kwanza. Halafu msomee Baba, polepole, asikuwahi kwa maswali. Baba Mdogo msomee mwisho.

Nakujibu lile jambo uliloniomba tangu matanga ya kaka Barasa yaishe. Ulisema, "Nafula, wewe si unafanya kazi na hao wanaopima ukoo kwa mate? Leta chupa moja. Tumpime Nelima tujue kama kweli ni damu ya Barasa, kabla Baba yako hajagawa shamba." Najua maneno hayo yalitoka kinywani mwako lakini si yako yote. Baba Mdogo ndiye aliyesema mtoto hana sura ya kwetu, na kwamba mama yake alikuja hapo akiwa tayari mjamzito. Mimi nikasema nitaangalia. Ukweli ni kwamba sikuangalia tu. Nilitoa chupa moja kwenye sanduku la kazi, nikaifunga ndani ya leso ya kichwa, nikaiweka chini kabisa ya begi langu. Ilikaa humo miezi yote hii. Leo nataka kukueleza kwa nini haiji, na ili uelewe ni lazima nikupeleke Lokiriama.

Kazi yenyewe sijawahi kukueleza vizuri. Wakubwa wetu wanataka kujua watu wa vijijini na wa malishoni walitoka wapi, na zamani walichanganyika na nani. Mate ya mtu yana chembe zake, na ndani ya chembe kuna kama maandishi aliyoachiwa na wazazi wake, nao waliachiwa na wazazi wao, hadi mbali sana. Mashine ya Nairobi huyasoma. Mimi ni karani tu. Naandika namba ya chupa, umri, kijiji, na kabila la wazee wanne: babu na nyanya wa upande wa baba, babu na nyanya wa upande wa mama. Kanuni ilikuwa kwamba wote wanne wawe wa kabila moja. Mwenye hata mmoja wa nje hachukuliwi, na kama mate yake yameshaingia kwenye chupa, yamwagwe kwenye dawa, kwa sababu Daktari alitaka aanze na wasiochanganyika. Kanuni hiyo ilikuwa ukurasa wa pili wa fomu. Unanijua, Mama. Niliishika kwa moyo kama nilivyokuwa nikishika amri kumi.

Tuko watatu kwenye gari. Daktari Wanjiru ndiye mkubwa, mtu wa maneno machache na miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya jua. Esekon ni dereva na pia mkalimani, Mturkana wa hapa Lodwar, mtu mzima mwenye watoto wakubwa. Esekon ndiye aliyenifundisha jambo la kwanza kuhusu kazi hii.

"Dada Nafula," aliniambia siku ya kwanza, "usitangaze mate kama mtu wa hospitali anatangaza choo. Hapa mate si uchafu. Mzee akikutemea, amekubariki. Sasa nyinyi mnataka kubeba baraka ya watu na gari mpeleke kwa friji."

Watu walipoelezwa hivyo walicheka, na walikuja. Hapo Lokiriama mzee mmoja aliyekuwa wa kwanza kwenye mstari alishika chupa, akaitazama juani, akauliza: hiyo baraka mkiifunga kifuniko, itamfikia nani? Daktari akajibu kwamba itawafikia wajukuu. Mzee akafikiri, kisha akatema, tena kwa nguvu, hata wengine wakamtania kwamba amewabariki wajukuu wa kijiji kizima peke yake.

Lokiriama iko karibu na mpaka wa Uganda. Ni mahali pa mifugo: mbuzi, ngamia, ng'ombe wachache, na vumbi lao. Watu wa pande mbili za mpaka huuziana wanyama, na miaka ya nyuma wamewahi kunyang'anyana pia, wakazika watu. Nilijua hayo kama mtu anavyojua habari za redioni.

Siku hiyo gari letu lilipata pancha mbili. Esekon alikuwa chini ya gari. Jua lilikuwa limepanda, mstari ulikuwa mrefu, na wazee huchukua muda kupata mate kinywa kikikauka. Kwa kawaida naanza na maswali, halafu chupa. Siku hiyo niliona nitaokoa muda nikigeuza: watu wateme kwanza huku wakingoja, maswali yafuate. Na kwa kuwa mkalimani hayupo, niliona nitumie Kiturkana changu cha kuokoteza. Shajara yangu ya jioni iliyotangulia inasema hivi, nakunakilia kama ilivyo: "Neno jipya: emoit. Maana: mgeni, mtu wa kabila lingine. Litanifaa kwenye swali la wazee wanne." Nililipigia mstari. Nilikuwa nimelisikia kwa mama mmoja anayeuza chai hapa Lodwar. Aliniita hivyo akicheka huku akinitilia sukari, nami nikacheka naye.

Alikuja mama mmoja mzee, anaitwa Nakiru. Shanga zake zilikuwa nyingi hadi chini ya kidevu, na sikio moja halikusikia vizuri. Alitema mate yake bila shida, akaifunga chupa mwenyewe, akanipa kwa mikono miwili. Nyuma yake alisimama mwanawe wa mwisho, Lopeyok, kijana wa kuoa, na nyuma ya Lopeyok watu wengine wa boma lao na wa maboma ya jirani. Nikamwuliza swali langu. Hakusikia. Nikalirudia kwa sauti ya juu, nikielekeza kalamu kwake:

"Mama yako, emoit?"

Mama, mstari mzima ulinigeukia. Mbuzi tu ndio walioendelea na malisho. Yule mzee wa baraka, aliyekuwa ameketi kando akivuta ugoro, aliinua kichwa. Nakiru alinitazama, halafu akaitazama chupa yake iliyokuwa mkononi mwangu. Kisha akasema, "Ee."

Akaongeza maneno mengine ambayo sikuyaelewa. Nilielewa ile "ndiyo" tu. Nami nikafanya kama kanuni ilivyosema. Nikaweka alama ya mkasi kwenye namba yake, nikafungua chupa, nikamwaga mate yake ndani ya ndoo ya dawa mbele ya watu wote. Nikamwambia kwa Kiswahili, kwa adabu kabisa, "Asante, mama, umemaliza," na nikamwita Lopeyok. Lopeyok hakuja. Alikuwa anamtazama mama yake. Watu waliokuwa nyuma yake walikuwa wamesogea nyuma hatua moja, kama watu wanavyosogea mtu akitapika.

Esekon alitoka chini ya gari na spana mkononi. "Umemwuliza nini huyu mama?"

Nikamwambia. Akaiweka spana chini.

"Nani alikufunza hilo neno?"

"Mama chai. Ni mgeni, si ndiyo?"

"Ni mgeni. Na ni adui. Ni neno moja, dada. Mama chai akikuita hivyo ni utani, ako na sukari yako kwa mkono. Lakini wewe umesimama hapa mpakani na kalamu ya serikali, umemwuliza mama ya watu kama alizaliwa na adui. Na yeye amekubali."

"Kalamu si ya serikali," nikasema. Hilo ndilo jibu nililopata, Mama. Linaniaibisha mpaka leo.

Yale maneno mengine aliyoyasema Nakiru, Esekon alinitafsiria tukiwa njiani. Alikuwa amesema kwamba yeye mwenyewe aliokotwa akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, baada ya mapigano ya mifugo, upande wa pili. Mzee mmoja alimkuta amelala karibu na mama yake ambaye hakuwa amelala. Akamchukua, akampa maziwa, akampa jina, na baadaye akamwoza kwa mtoto wa ndugu yake. Waliojua walikuwa yule mzee na mume wake, na wote walishazikwa. Watoto wake mwenyewe hawakujua. Alizeeka hapo, aliwazalisha wanawake wa hapo, na hakuna aliyewahi kumtafutia kwao.

Daktari alikasirika kwa namna yake. Kesho yake alibadilisha fomu. Sasa maswali huulizwa ndani ya hema, mtu mmoja mmoja, mkalimani akiwepo, na chupa haiguswi kabla ya maswali kwisha. Fomu yetu sasa ni nzuri sana.

Kiangazi kilikaza baada ya hapo. Huku maji hutafutwa kwenye laga, ule mto mkavu wa mchanga. Kadiri jua linavyozidi ndivyo maji yanavyoshuka, na watu wanachimba kuyafuata hadi kisima kinakuwa na kina cha watu sita, saba. Maji hayo huwezi kuyateka peke yako. Mmoja husimama chini kabisa, mwingine hukanyaga ukingo juu ya kichwa chake, na mwingine juu ya huyo, wanapokezana karai wakiimba hadi maji yafike kwenye hori la mifugo. Wale wa katikati, wakiona mchanga umeanza kunyonyoka, hupiga kelele na wote hutoka. Kwa hiyo wanaosimama katikati ndio maji, na ndio uhai wa yule wa chini.

Lopeyok alikuwa akitumia kisima kimoja na watu wa boma lake na wa maboma ya jirani. Hakuna aliyemfukuza. Nataka ulielewe hilo, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: hakuna aliyemtukana, hakuna aliyeinua fimbo. Mmoja alisema mgongo unamuuma. Mwingine alisema amehamia kisima cha shemeji yake. Mwingine hakusema kitu, alikwenda tu kuteka kwingine. Yule mzee wa baraka alisema ni vizuri kwanza mambo yaangaliwe, kwa sababu mtu anayesimama juu ya kichwa chako kisimani lazima umjue. Kisima kile kikakauka kwa kukosa watu wa kukifuata chini. Lopeyok akaanza kuchimba chake, mbali kidogo, peke yake, kwa sababu mbuzi hawangoji mambo yaangaliwe.

Siku ya tatu mchanga ulishuka. Watu walijua kwa sababu mbuzi wake walikuwa wamesimama duara, vichwa vimeinama, na hakukuwa na mtu. Nakiru ndiye aliyefika kwanza. Alikuwa amemletea maziwa. Alichimba kwa kibuyu hadi kikavunjika, kisha kwa mikono. Watu walikuja wakasaidia, hilo pia nataka niliseme. Wote walikuja, na wale wa mgongo pia. Walipomfikia ilikuwa imekwisha.

Sisi tulipata habari wiki mbili baadaye, tuliporudi kupeleka sukari na majani ya chai ya kuwashukuru wazee. Esekon aliambiwa akiwa bado kwenye usukani. Alizima gari, akanigeukia. "Yule kijana wa mama uliyemwaga," alisema, halafu akanieleza yote. Neno alilolitumia ni hilo, Mama. Mama uliyemwaga. Nadhani hakukusudia.

Nilimwuliza Daktari kama ni mimi. Aliniambia visima huwaangukia watu kila kiangazi, hata wenye wenzao, na hakuna anayeweza kusema. Ni kweli. Nimeliandika jibu hilo kwenye shajara, na chini yake sikuandika kitu tena kwa siku tisa. Tangu kidato cha pili sijawahi kuacha siku tisa.

Majibu ya mashine yalifika mwezi uliopita. Daktari aliyafungua ofisini hapa Lodwar, akaniita niangalie. Ni picha tu: kila mtu ni mstari mwembamba uliosimama, umepakwa rangi, na kila rangi ni watu wa asili fulani. Nilitazama nikidhani ameniletea picha nyingine.

"Wasiochanganyika wako wapi?" nikamwuliza.

"Ndiyo hao."

"Mbona wote wana rangi mbili, tatu, nne?"

"Kwa sababu ni watu," alisema. "Walioana, walitekana, walikimbia njaa wakapokelewa. Hawakungoja fomu yangu."

"Na wale wa ng'ambo ya mpaka?" Maana watafiti wa huko walikuwa wametuma yao pia.

Akanionyesha karatasi ya pili. Akaziweka pamoja mezani, akazigeuza, akazichanganya, akaniambia nimwonyeshe ipi ni ya upande gani. Sikuweza. "Hata mimi siwezi," alisema, "na mashine pia inashindwa."

"Kwa hiyo yule mama angefaa."

Alivua miwani. "Angefaa, Nafula. Alifaa tangu mwanzo."

Majina hayamo kwenye picha, ni namba tu, lakini namba nilizibandika mimi. Niliitafuta ya yule mzee wa kwanza, aliyesema mambo yaangaliwe kwanza. Mstari wake ulikuwa na rangi nyingi kuliko wa mtu yeyote wa boma lile. Nilifikiria kwenda kumwambia. Nilipanga hata maneno. Halafu nikaona nitakuwa nimeshika chupa ya mtu mwingine mkononi mbele ya watu. Nimenyamaza, na hata Esekon simwambii.

Mstari wangu pia ulikuwepo, kwa sababu sisi wafanyakazi tulitema wakati wa mafunzo. Ile rangi ya wafugaji wa huku imo ndani yangu, Mama, tena si kidogo. Imetoka kwa nani, mashine haisemi. Lakini nimemkumbuka kukhu, mama yake Baba. Unakumbuka alipokuwa akikamua, ule wimbo wake ambao hakuna aliyejua maneno yake? Ulikuwa ukisema ni wimbo wa wazee wa zamani sana. Huenda. Baba Mdogo alinyonya kwa huyo mama. Kama kuna sura ya kwetu, mwambie anieleze kwanza ni ipi.

Wiki iliyopita kazi ilitupeleka Kakuma. Esekon aliulizia, na tukaambiwa Nakiru amehamia huko kwa binti yake anayeuza makaa nje ya kambi ya wakimbizi. Tulifika asubuhi. Jirani yake, mama Mkongo anayekaanga mandazi, ndiye aliyetuonyesha. "Iko pale nyuma," alisema. "Lakini huyu mama hasemake na mutu. Atawaangalia tu."

Alisema nasi. Alikuwa ameketi kando ya magunia, mikono imelala mapajani, na kucha mbili za mkono wa kulia hazikuwa zimeota tena. Shanga alikuwa amezivua, kama wafanyavyo waliofiwa. Nilipiga magoti. Nikasema nimekuja kuomba msamaha, Esekon akatafsiri.

Nakiru akauliza, "Ulimwaga kwenye dawa?"

"Ndiyo, mama."

"Ungemwaga chini, ningejua yamerudi."

Nikamwuliza jambo lililonisumbua tangu siku ile: kwa nini alikubali. Alikuwa ameficha maisha yake yote. Angesema hapana, nami ningeandika hapana, na leo asingekuwa hapo.

Esekon alisikiliza jibu lake hadi mwisho kabla ya kunigeukia. "Anasema, ulikuwa umeshika mate yake. Alikuwa ameshatema. Anasema alidhani mate yameshakuambia, na wewe unamwuliza ili uone kama atadanganya baraka yake mwenyewe. Anasema, kama ungemwuliza kabla, angekukatalia."

Kabla, Mama. Fomu ilisema kabla. Mimi ndiye niliyegeuza, ili niokoe muda.

Kisha akaniuliza kama nina mtoto. Nikasema sina, ila kuna wa kaka yangu aliyefariki, na nyumbani wanataka nipeleke chupa wampime kama ni wake. Sijui kwa nini nilimwambia. Labda kwa sababu chupa ilikuwa kwenye begi langu, kando ya goti langu, wakati ule ule. Esekon alinitazama kabla ya kutafsiri, kama anayeuliza, una hakika?

Nakiru aliuliza, "Huyo kaka yako aliwahi kumtemea huyo mtoto?"

Nikakumbuka, Mama. Wewe pia unakumbuka. Kila alipokuwa akirudi kazini, Barasa alimnyanyua Nelima mlangoni, akamtemea kidogo kwenye paji la uso, tfu, kama Babu alivyokuwa akitufanyia sisi. Na mtoto akijifuta kwa kiganja akilalamika, "Baba, unaniloanisha," huku akingoja afanyiwe tena.

"Alimtemea," nikasema. "Mara nyingi."

"Sasa mnatafuta nini?"

Nilikaa na kichwa kimeinama mbele yake. Nitakuambia kweli, nilitumaini atanitemea. Nilitaka niondoke na kitu. Aliona. Akasema maneno machache, na Esekon hakutaka kuyatafsiri hadi nilipomlazimisha.

"Anasema, alikuwa na yale tu. Ulishayachukua."

Tukaaga. Binti yake hakutusindikiza.

Jioni hiyo niliitoa chupa kwenye leso nikairudisha kwenye sanduku, nikamwambia Daktari kwamba niliiiba na kwa nini. Aliandika jambo kwenye faili langu. Sijui kama mkataba wangu utarudiwa, usishangae ukisikia nimerudi.

Kwa hiyo chupa haiji, Mama. Haitakuja kwa mkono wangu, na ukisikia mtu mwingine anataka kuileta, mkatalie. Mnasema mnataka kujua tu. Najua mashine ingejibu, kwa Nelima jibu lingekuwa moja na la wazi, si kama zile rangi. Lakini likishatoka, mtasimama naye kisimani? Kama mtasimama naye hata likiwa baya, basi hamlihitaji. Na kama hamtasimama naye, mimi nimeshaona mchanga.

Mkitaka mate, yapo hapo nyumbani. Siku ya kupima shamba, Baba amwite Nelima, asimame naye kwenye sehemu ya Barasa, Baba Mdogo akiwepo na majirani wakiona. Amtemee kwenye paji la uso. Mtoto atajifuta, mwacheni ajifute.

Nisalimie Baba, na umwambie asiache dawa ya kikohozi hata akipata nafuu. Msalimie Baba Mdogo kwa heshima yake yote. Salamu kwa shangazi wa sokoni, na kwa mama mkwe wa dada, aliyenishonea leso ile. Mama Nelima mwambie jembe la Barasa ni lake, alitumie. Nelima mwambie shangazi yake yu hai, na akue.

Mimi mwanao,
Nafula